Wakili Hana Mabwana Wawili



Arusha ni mji wa mahakama. Hapa ndipo ilipoketi Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Hapa ipo Mahakama ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2001, na hapa ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu tangu mwaka 2007. Mahakama Kuu ya Tanzania ina masjala yake hapa hapa, na chini yake zipo mahakama za wilaya, mahakama za mwanzo na mabaraza ya ardhi. Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho kimefanya mara nyingi mikutano yake mikuu katika kumbi za mji huu. Ni miji michache nchini ambako joho jeusi la wakili limezoeleka machoni pa watu kama lilivyozoeleka hapa kwetu.

Hata hivyo, mjane anayeshuka kutoka Nkoaranga au Leguruki, akiwa amefunga karatasi za kihamba cha marehemu mumewe ndani ya kanga, hazioni mahakama hizo zote. Yeye anamwona mtu mmoja tu, naye ni wakili. Kwake yeye wakili ndiye mlango wa sheria. Mlango huo ukiwa mbovu, jengo zima la haki halimfai kitu, hata likiwa zuri namna gani.

Ndiyo maana tumeona vema katika toleo hili tuzungumzie jambo ambalo katika vigango vyetu husemwa kwa kunong'ona tu: wakili anayemdanganya mteja wake, au anayetumikia pande mbili zinazogombana, na namna anavyopaswa kuwajibishwa. Tunataka kusema jambo moja kwa uwazi. Sheria ya kumrudi wakili asiye mwaminifu ipo, na ipo tangu zamani. Lakini fimbo hiyo haiinuki yenyewe. Huinuka pale aliyedhulumiwa anaposema, na kusema kwa ushahidi. Kumsaidia mnyonge aweze kusema hivyo ni kazi yetu sisi.

Uwakili ni amana

Neno wakili limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Aliyekabidhiwa si mwenye mali. Anaitunza, anaitetea, na mwisho anatoa hesabu. Daktari tunamkabidhi mwili, padre tunamkabidhi dhamiri, na wakili tunamkabidhi shamba, jina jema, urithi wa watoto, na pengine uhuru wetu wenyewe. Tunamweleza yale ambayo hatujamweleza hata ndugu wa tumbo moja. Kwa sababu hiyo uaminifu wa wakili si pambo la kazi yake. Ukiondoa uaminifu, kinachobaki ni mtu anayejua sheria kuliko sisi na aliyeshika siri zetu.

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa na wageni maana ya wakili mwaminifu. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwafukuza kwa nguvu karibu watu 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao igawanywe kuwa mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Wameru hawakuchukua silaha. Walichangishana fedha, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet, na wakamkabidhi shauri lao wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 malalamiko yao yalifikishwa mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mwezi Desemba mwaka huo, azimio la kuwaunga mkono lilipigiwa kura katika Baraza Kuu lakini halikupata theluthi mbili zilizotakiwa.

Kwa hesabu ya kura, Wameru walishindwa. Lakini hawakuuzwa. Walijua wakili wao alisimama upande gani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1967, Kirilo Japhet na Earle Seaton walitoa pamoja kitabu juu ya kesi hiyo ya ardhi. Mteja na wakili wake, ambao kura iliwaangusha, waliweza kuketi meza moja na kuandika habari ile ile bila mmoja kumwonea mwenzake haya. Hicho ndicho kipimo. Wakili hadai kwamba atashinda kila shauri, bali mteja ana haki ya kudai kwamba hatasalitiwa.

Sura mbili za kosa

Makosa tunayoyazungumzia yana sura mbili, na inafaa kuzitenganisha.

Sura ya kwanza ni udanganyifu ulio wazi. Wakili anapokea ada ya kufungua shauri, kisha halifungui, na kila mteja akiuliza anaambiwa kwamba faili liko kwa jaji. Au shauri limefutwa kwa sababu wakili hakufika mahakamani, naye anaendelea kupokea nauli na gharama za shauri ambalo limekwisha kufa. Au fidia ya ajali imelipwa kupitia akaunti ya wakili, na mjane anapewa sehemu ndogo bila hesabu yoyote ya maandishi. Au mzee asiyejua kusoma anatiwa dole gumba kwenye karatasi tupu, na kesho yake karatasi hiyo imekuwa hati ya mauzo. Makosa ya namna hii hayahitaji elimu ya sheria kuyatambua. Ni wizi na uongo, ingawa umevaa suti. Mengine ni makosa ya jinai, na yaweza kupelekwa polisi vilevile.

Sura ya pili ni ngumu zaidi kuiona, nayo ni mgongano wa maslahi. Hapa yawezekana hakuna hata shilingi moja iliyopotea. Chukueni mfano wa ndugu watatu wanaogawana mirathi ya baba yao huko Akheri. Kaka mkubwa, ambaye ni msimamizi wa mirathi, anampeleka mdogo wake wa kike kwa wakili wake yeye, akimwambia, "Huyu ni wa kwetu, atatusaidia sote." Maadamu ndugu wanapatana, wakili huyo anaweza kuwaandikia makubaliano. Siku dada anapouliza kwa nini sehemu yake ni ndogo, wakili yule hawezi tena kuwa wa wote. Akimshauri dada vema, anamwangusha kaka aliyemlipa. Akimnyamazia dada, amemsaliti mtu aliyemwamini. Njia mbili zilimshinda fisi, na hakuna shahada ya sheria inayoweza kumpa binadamu miguu ya kutembea njia mbili.

Mfano mwingine ni wa mauzo ya kiwanja. Katika miji inayokua kama wetu, kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni na Usa River, mnunuzi na muuzaji mara nyingi huenda kwa wakili mmoja ili kuokoa gharama. Wakili aliyewaeleza wote wawili kwamba anamtumikia nani, na wote wakakubali wakiwa wanaelewa, hajakosa. Lakini wakili anayejua kwamba kiwanja kina mgogoro, kwa sababu mwenye mgogoro huo ni mteja wake wa siku nyingi, kisha akamwacha mnunuzi alipe bila kumwambia neno, huyo amewatumikia mabwana wawili na kumwibia mmoja wao. Na wakili anayemnunulia mteja wake, kwa bei ya kutupa, shamba lile lile analomtetea, ameacha kuwa mtetezi na amekuwa mgombea wa tatu.

Sheria yetu inalitambua jambo hili hata katika mambo yanayoonekana madogo. Sheria ya Maofisa wa Viapo, Sura ya 12, inamkataza wakili kushuhudia kiapo katika shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo. Wengi huona kwamba huo ni urasimu wa mhuri. Sivyo. Sheria inatambua kwamba mtu mwenye chake ndani ya jambo hawezi kuwa shahidi huru wa jambo hilo hilo. Ikiwa kwa mhuri mmoja sheria inakuwa makini kiasi hicho, je, kwa shamba zima itakuwaje?

Sheria inasema nini

Mawakili wa Tanzania Bara wanaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ambayo asili yake ni ya mwaka 1954. Kwa sheria hiyo kila wakili ni ofisa wa Mahakama Kuu. Maana yake ni kwamba hawajibiki kwa aliyemlipa tu, bali pia kwa mahakama na kwa haki yenyewe. Jina lake limo katika Orodha ya Mawakili inayotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na kila mwaka anapaswa kuwa na cheti halali cha kumruhusu kufanya kazi.

Sheria hiyo hiyo iliunda Kamati ya Mawakili ya kusikiliza malalamiko ya kinidhamu. Tangu mwanzo haikuwa kamati ya mawakili peke yao wakihukumiana kirafiki, kwani iliwekewa jaji wa Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu wa Serikali pamoja na wakili aliyeteuliwa na Chama cha Wanasheria. Wakili akionekana na hatia, aweza kuonywa, kusimamishwa kazi kwa muda, au jina lake kufutwa kabisa katika Orodha. Asiporidhika, aweza kukata rufani Mahakama Kuu. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni mpya za maadili ya mawakili, zinazoeleza kwa kirefu wajibu wa kutunza siri, kuepa mgongano wa maslahi na kutunza mali ya mteja. Fedha za mteja si fedha za wakili, na hazipaswi kuchanganywa na za ofisi yake.

Jambo ambalo waamini wengi hawalijui ni hili: mlalamikaji si lazima awe jaji, wala wakili, wala mtu mkubwa. Mteja wa kawaida aweza kupeleka malalamiko yake. Yanatakiwa yawe ya maandishi, yakieleza kilichotokea, yakiambatana na kiapo na nakala za karatasi zilizopo. Anayetaka kujua pa kuanzia aulize katika ofisi ya Naibu Msajili wa Mahakama Kuu hapa Arusha, au kwa Chama cha Wanasheria Tanganyika, ataelekezwa.

Funzo tulilopewa mlangoni petu

Kuna waliotuambia kwamba kumwajibisha wakili ni ndoto, kwa sababu wanasheria hulindana. Mji wetu wenyewe umeshuhudia vinginevyo.

Katika Mahakama ya Rwanda, watuhumiwa wengi walihesabiwa kuwa hawana uwezo, na mawakili wao wakalipwa na Umoja wa Mataifa. Malipo yalikuwa makubwa, na kishawishi kikawa kikubwa. Mwaka 2001 na tena mwaka 2002, ofisi ya ukaguzi wa ndani ya Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa juu ya tuhuma kwamba baadhi ya mawakili walikuwa wakigawana ada zao na watuhumiwa waliowatetea. Mwezi Februari 2002 Msajili wa Mahakama hiyo alimwondoa wakili mmoja kutoka Uskoti kwa udanganyifu wa fedha katika madai yake ya malipo. Mwezi Oktoba 2004 wakili mwingine aliondolewa kwa sababu ya aina hiyo hiyo. Shauri la mtuhumiwa halikufa kwa sababu hiyo. Wakili aliondoka, na utetezi ukaendelea na mwingine.

Tutafakari vizuri habari hiyo ya kugawana ada. Mtu aweza kuuliza: kama mteja mwenyewe alipewa sehemu, nani alidhulumiwa? Kwanza, alidhulumiwa yule aliyelipa. Pili, ilidhulumiwa mahakama, iliyokuwa ikiletewa hesabu za uongo na ofisa wake mwenyewe. Tatu, kwa namna fulani alidhulumiwa hata mteja. Wakili anayemnunua mteja wake kwa bahasha hawezi tena kumwambia ukweli mchungu, kwa mfano kwamba ushahidi ni mzito na afadhali akiri kosa, kwa kuwa mteja akiondoka na bahasha inaondoka. Ushauri wake umekwisha kupigwa bei.

Lakini kuna funzo la pili. Makosa hayo yaligunduliwa kwa sababu kulikuwa na karatasi. Kila saa ya kazi iliandikwa, kila dai la fedha lilikuwa na fomu, na kulikuwa na ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kuzisoma fomu hizo na kuuliza. Mkulima wa kahawa wa Poli hana ofisi ya ukaguzi. Analipa taslimu, bila stakabadhi, chini ya mti au ndani ya gari, kisha anategemea kumbukumbu. Wahenga walituonya zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa nini fimbo imelala

Tukiuliza kwa nini malalamiko ya wanyonge hayafiki kwenye Kamati, tunakuta sababu kadhaa.

Ya kwanza ni kutojua, na hiyo tumekwisha kuigusa. Ya pili ni hofu. Wakili anashika hati ya shamba, na mteja anaogopa kwamba akilalamika hati haitarudi. Ya tatu ni aibu, kwa kuwa hakuna anayependa kijiji kijue kwamba alitapeliwa na mtu aliyemsifu mbele ya ukoo mzima. Ya nne ni suluhu ya giza: mteja akianza kupiga kelele, anarudishiwa sehemu ya fedha zake kwa sharti la kunyamaza. Yeye anashukuru, na kesho mwingine anaingia mtego ule ule.

Ya tano inahusu nguvu. Fimbo ya nidhamu huinuka upesi zaidi mwenye nguvu anapolalamika. Wakili Fatma Karume, aliyechaguliwa kuwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika hapa Arusha mwezi Aprili 2018, alisimamishwa na Mahakama Kuu mwezi Septemba 2019 kwa sababu ya maneno aliyoandika katika shauri la kikatiba, na mwezi Septemba 2020 Kamati ikalifuta jina lake katika Orodha ya Tanzania Bara. Mwezi Juni 2021 majaji wa Mahakama Kuu walitengua uamuzi huo wa Kamati. Hapakuwa na mjane aliyelia kwamba amedhulumiwa na wakili huyo. Mlalamikaji alikuwa upande wa Serikali. Hatuandiki haya ili kuingia katika mabishano ya siasa. Tunaandika kwa sababu yanaonyesha mambo mawili: kwamba chombo cha nidhamu kina nguvu za kutosha kinapoamua kuzitumia, na kwamba nguvu hizo zinahitaji kuelekezwa kwanza kule ambako mnyonge anaumizwa, si kule ambako mkubwa amekwazwa na maneno.

Mwaka 1996 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba iliitazama kero ya rushwa nchini, na mahakama ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyotajwa. Miaka mingi imepita, lakini somo lake moja halijachakaa: rushwa katika utoaji wa haki haina mikono miwili tu, ya mtoaji na mpokeaji. Mara nyingi iko mikono ya katikati. Wakili anayemwambia mteja, "Lete kitu kidogo cha hakimu," huenda hakimu hajui lolote. Huyo amemwibia mteja fedha, na hakimu jina lake.

Tusimhukumu asiye na kosa

Tume yenye jina la haki haiwezi kudai haki kwa mteja peke yake. Mawakili wengi wa mji huu hufanya kazi kwa jasho na kwa uaminifu, na baadhi yao huwatetea maskini bila malipo. Jina la wakili ni shamba lake. Ukilichoma kwa uvumi, hata mahakama ikimsafisha halioti upesi.

Kwa hiyo tuwe makini. Kushindwa shauri si usaliti, kama tulivyoona katika habari ya Engare Nanyuki. Shauri kuchukua miaka si lazima iwe kosa la wakili, kwa kuwa mahakama nazo zina mrundikano. Ada kubwa peke yake si wizi, maadamu ilikubaliwa kwa uwazi, na yapo maelekezo ya kisheria ya viwango vya ada ya mawakili, yaliyotolewa mwaka 2015, ambayo mtu aweza kuyauliza. Wakili anayekataa kusema uongo mahakamani kwa niaba yako hakukusaliti hata kidogo. Huyo ndiye unayepaswa kumshika sana. Yapo pia malalamiko ya uongo, ya mteja anayetaka kukwepa kulipa deni la kazi iliyofanywa. Anayeshtakiwa asikilizwe, aone ushahidi, ajibu. Mtu asifukuzwe katika kazi yake kwa minong'ono ya sokoni.

Wajibu wetu parokiani

Sasa tugeukie yale yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo, halmashauri za walei na kamati za haki na amani katika vigango zishike mambo yafuatayo.

Kwanza, kabla mtu hajamlipa yeyote, ajue kama huyo ni wakili kweli. Vishoka ni wengi, na wengine wana ofisi zenye mabango. Mahakama imeiweka Orodha ya Mawakili katika mtandao, na kijana yeyote mwenye simu aweza kumsaidia mama yake kuitafuta. Kishoka hana jina la kufutwa, kwa hiyo Kamati haiwezi kumgusa. Huyo ni wa polisi.

Pili, mteja aulize waziwazi: "Je, umewahi kumtetea mpinzani wangu, au una jambo lolote na shamba hili?" Swali hilo si la utovu wa adabu. Wakili mwaminifu atalifurahia, na asiye mwaminifu atakasirika. Vyote viwili ni majibu.

Tatu, makubaliano ya kazi na ada yaandikwe, na kila malipo yawe na stakabadhi. Pasiwe na dole gumba kwenye karatasi tupu. Hati miliki ya asili itolewe tu pale inapolazimu, na kwa maandishi ya kupokelewa, huku nakala ikibaki nyumbani. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Mteja aliyeletewa karatasi ya Kiingereza ana kila sababu ya kusema, "Nisomee kwa lugha yangu kwanza."

Nne, kila kigango kiwe na watu wawili au watatu, waaminifu na wenye kujua kuandika vizuri, watakaomsaidia aliyedhulumiwa kupanga karatasi zake kwa tarehe na kuandika malalamiko kwa maneno machache ya kweli. Wasiongeze chumvi. Lalamiko lenye ukweli kumi na uongo mmoja huangushwa na ule mmoja. Waanze kwa barua ya heshima kwa wakili mwenyewe wakiomba maelezo na hesabu, kwa kuwa mara nyingine ni uzembe unaoweza kurekebishwa. Asipojibu, barua hiyo itakuwa sehemu ya ushahidi. Wamkumbushe pia mlalamikaji kwamba shauri lake la msingi halisimami likimngoja. Atafute haraka mtetezi mwingine ili muda wa kisheria usimpite. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma hiyo kwa wasio na uwezo, nasi tuwatumie.

Tano, na hili tunalisema kwetu wenyewe kama viongozi. Katekista, mwenyekiti wa jumuiya au mjumbe wa halmashauri anayepeleka wateja kwa wakili na kupokea "asante" nyuma ya mlango, naye yumo katika mgongano wa maslahi. Anayemwamini anadhani anapewa ushauri wa ndugu, kumbe anauzwa kwa dalali. Vilevile parokia inapokuwa na mgogoro wa mpaka na muumini wake, wakili anayeishauri parokia asijitolee kumshauri na muumini huyo, hata kama nia yake ni njema. Aambiwe kwa upendo atafute wa kwake. Hatuwezi kudai kwa wengine usafi ambao hatuutaki nyumbani.

Mwisho, tunawageukia mawakili walio waamini wetu. Ninyi ndio mnaowajua wenzenu wanaoharibu. Kuwanyamazia si umoja wa taaluma, kwa kuwa samaki mmoja akioza wote huhesabiwa wameoza, na mtakaohesabiwa nao ni ninyi. Mteja aliyedhulumiwa akija kwenu na karatasi zake, msimfukuze kwa sababu mlalamikiwa ni rafiki yenu wa chuo. Mchukueni, mwandikieni kiapo chake, mwongozeni. Chama chenu kitakuwa na heshima siku ambayo mkulima wa kawaida atajua kwamba mlango wa kulalamika uko wazi, na kwamba ndani yake hakai ndugu wa mshtakiwa.

Nasi tuliobaki tuache kunong'ona. Aliyedhulumiwa na aandike, aliyeandika na asaidiwe, aliyeshtakiwa na asikilizwe, na mwenye hatia na avue joho. Hilo si chuki kwa mawakili. Ni kuulinda uwakili wenyewe, ili anayebeba amana ya mwenzake ajue kwamba siku ya hesabu ipo, hapa hapa Arusha.